Tablo ya Magamba Pale Mugunga

Nimestaafu tangu mwezi uliopita, na tayari ninyi mliobaki kwenye posti ya ukaguzi ya Mugunga mmenipigia simu mara nne kuniuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Uko juu ya kabati. Kwa kuwa hakuna lingine mliloniuliza, nimekaa hapa nyumbani Katoyi, mjini Goma, kuwaandikia yale ambayo hamkuuliza: namna mtu anavyokagua wanyama barabarani karibu maisha yake yote, na namna mimi, Faustin, niliyejisifu kwa mkono wangu, nilivyompigia mnyama wa msituni kashe ya samaki, ule mhuri wetu. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili na kimoja kilifutwa. Mshahara nao nauacha. Wenyewe pia ulikuwa na tabia ya kutuacha.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya ngozi vinavyong'aa na diploma ndani ya bahasha. Posti ilikuwa kibanda cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, kando ya barabara ya Sake, na mbele yake kamba iliyofungwa kati ya vigogo viwili. Hiyo kamba ndiyo barieri. Kila gari lililobeba mnyama au nyama kuingia Goma lilipaswa kusimama hapo. Aliyenipokea ni Muzee Rwema, muuguzi wa mifugo, mtoto wa wafugaji wa Rutshuru. Aliviangalia viatu vyangu kwa huruma, halafu akanionyesha gunia lililofungwa mdomo.

"Tia mukono," akasema.

"Muzee, ndani muko nini?"

"Njo nakuuliza wewe. Mwenye gunia anaweza kukudanganya. Ile munyama haijue kudanganya."

Nikatia mkono, nikadonolewa. Nikasema ni ndege. Muzee akasema hilo hata gunia linalijua, nimwambie sasa kama ana homa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Magari yalikuwa mengi, magunia yamefungwa kwa kamba za katani, wenye mali wana haraka na madereva wanapiga honi. Kufungua kila gunia ingekuwa kulala pale. Kwa hiyo tulikagua kwa mkono: unaingiza kiganja, unagusa, unasema, unapiga kashe.

Muzee Rwema alinifundisha makundi matano ya wanyama wenye uti wa mgongo bila kufungua kitabu. Samaki, alisema, ni baridi kama maji aliyotoka, magamba yake yanateleza, na ukifunua shavu unakuta matamvua anayopumulia: yakiwa mekundu, pita, yakiwa ya kahawia, rudi nyumbani. Chura na wenzake wa amfibia wana ngozi tupu yenye unyevu, na wanapumua hata kwa ngozi hiyo, kwa hiyo ukimkausha chura umemnyonga. Mtoto wake anaanza maisha majini na matamvua, anayamalizia nchi kavu na mapafu. Muzee alisema huyo ndiye pekee anayehama chama bila kupewa gari. Reptilia, yaani nyoka, mjusi, kobe, ana magamba makavu, anapumua kwa mapafu, na joto lake analiomba kwa jua kila asubuhi. Ndege ana manyoya, mdomo usio na meno, yai la ganda gumu, na joto linalozidi letu. Mamalia ana nywele, hata zikiwa chache, ana joto lake mwenyewe, na mtoto wake ananyonya.

"Kwanza uliza joto," alikuwa anarudia. "Ngozi inaweza kukudanganya. Joto hapana."

Vifaa vyetu vilikuwa mizani ya kuning'iniza, kisu kifupi, ndoo ya maji, kashe na kipimajoto. Kipimajoto cha kwanza kilipotelea ndani ya ng'ombe wa mkubwa mmoja, na hakuna aliyethubutu kwenda kukidai. Cha pili tulikifunga uzi.

Kesi ngumu hazikukosekana. Mama mmoja wa Murara alipita amefunga kitenge mgongoni, akasema mutoto ana homa, asiguswe. Muzee akagusa kwa juu, akaitikia kwa heshima zote: "Pole, mama. Homa iko kali kabisa. Na kucha zake, zimeanza kukua lini?" Kijogoo kikawika chenyewe. Siku nyingine kijana alileta popo kumi wa kukaushwa, akaapa ni ndege kwa sababu wanaruka. Muzee akamfunulia mmoja kifuani, akamwonyesha titi dogo kama punje ya mtama, akamwuliza kama amewahi kumwona kuku nalo. Kijana akatazama chini kwa haya, utafikiri tumemvua nguo mamake.

Muzee Rwema alistaafu, na baada ya miaka michache tukamzika. Nililia kuliko watoto wake, na sioni aibu kulisema. Mkono wangu ulikuwa wake.

Ndipo akaja Shefu Anselme. Si mtu mbaya. Alisoma sheria, akasoma vizuri, na wanyama alikuwa anawajua kutoka kwenye sahani. Wiki ya pili aliniambia kazi ya kugusagusa si kazi ya dola. Dola inahitaji kigezo. Akafunga mlango siku mbili, akatoka na tablo ya mistari mitano iliyochapwa vizuri, akaibandika ukutani mwenyewe, akaipigia kashe pembe zote nne. Ilisema hivi: mwenye magamba ni samaki, mwenye manyoya ni ndege, mwenye nywele ni mamalia, mwenye ngozi tupu ni amfibia, wanaobaki ni reptilia.

"Sasa hata mutu hajasoma anaweza kukagua," akasema kwa furaha.

Lilikuwa neno la kweli, na tukaanza kukagua kama watu wasiosoma. Kambare hana magamba, kwa hiyo kina mama waliomleta kutoka mabwawa ya Masisi walipewa sertifika ya amfibia. Kuku aliyekwisha kunyonyolewa ana ngozi tupu, naye akawa amfibia. Hoteli moja mjini ililalamika kwamba imeagiza kuku mia moja ikaletewa karatasi ya vyura. Nyoka akawa samaki. Kwa upande wa reptilia alibaki kobe peke yake, na kobe hapiti Mugunga mara nyingi.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilisema mara moja. Shefu akanijibu kwamba tablo imekwisha kupitishwa na wakubwa, na kuigusa ni kugusa sahihi zao. Nikaona yaishe, niwalinde watoto wangu waendelee na masomo. Baadaye utawala ukabadilika, bendera ikabadilika, watu wa kambi ya wakimbizi pale jirani wakaondolewa, wakarudi, wakaondolewa tena, na tablo ikabaki pale pale ukutani. Kila mkubwa mpya alipopita aliisoma, akatikisa kichwa na kusema kumbe hapa kuna mpangilio.

Jambo la mwisho la kuwaeleza kabla ya siku yenyewe ni glavu. Mradi mmoja wa wafadhili ulitupatia glavu nene za mpira, za kijani, zinazofika kwenye kiwiko, pamoja na semina ya siku tatu ya jinsi ya kuzivaa. Picha zilipigwa. Tukaambiwa atakayeonekana bila glavu ataandikiwa barua. Glavu zile zilizuia uchafu, meno na kucha. Zilizuia joto pia, lakini kwenye semina hakuna aliyeuliza habari za joto, na mimi nilikuwa nyuma nikila sambusa.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu nistaafu. Asubuhi ya mvua, foleni imefika kwenye mteremko, mtu mwenye koti la ngozi akashuka kutoka kwenye gari lililotoka njia ya Masisi. Akaweka gunia lenye maji maji mbele yangu, akasema ni samaki wa mtoni, bado wako wazima. Nikatia mkono na glavu yangu. Magamba. Makubwa, yamepangwa vizuri, yanateleza kwa mvua. Nikajiambia samaki gani huyu mnene hivi, mto ule umebarikiwa. Nikapiga kashe: samaki. Ilichukua muda wa kukohoa.

Mama Riziki ndiye aliyeniokoa, au aliyeniponza, sijui. Anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale barieri tangu ujana wake, na gunia lile liliwekwa kando ya beseni lake likisubiri gari lingine la kuingia mjini. Alikuja taratibu, akaniinamia sikioni.

"Papa Faustin, ile samaki yako iko napumua."

"Samaki wazima wanapumua, mama."

"Iko napumua kama mutu. Na ndani muko mutoto, iko nalia."

Nikavua glavu. Nikafungua kamba, nikaingiza mkono mtupu, na joto likanipanda mpaka begani. Mle ndani mlikuwa na kakakuona, amejikunja kama kabichi, magamba nje, roho ndani. Kati ya magamba yake nikahisi nywele chache ngumu. Nilipomtenga kidogo tumboni, kulikuwa na mtoto mwekundu-mwekundu, magamba yake bado laini kama kucha za kichanga, ameshikilia titi la kifuani na hataki kuliacha. Mama yake alikuwa anatetemeka. Mimi nikashikwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Muzee Rwema angenipiga kofi.

Ninyi mnajua kakakuona akifika mjini anakwenda wapi. Magamba yanakwenda mbali, nyama inakwenda karibu. Sheria inakataza kabisa kumkamata. Nikalikalia gunia.

"Hii haipite," nikamwambia mwenye koti.

Hakupandisha hata sauti. Alitoa sertifika yangu mwenyewe mfukoni, wino haujakauka, akaisoma polepole mbele ya foleni nzima. "Samaki. Faustin. Inspekta. Kashe. Sasa papa, njo nini? Wewe unakataza samaki kuingia Goma?" Kisha akapiga simu kwa mtu aliyekuwa anamwita mukubwa, akakata, akaniambia kabla ya saa kumi jioni mukubwa atakuja mwenyewe kuchukua samaki wake, na mimi nitaeleza.

Nikampelekea Shefu Anselme gunia. Nilimweka kakakuona juu ya meza yake, juu ya mafaili, nikakiri: nimekosea, nifutie ile sertifika, tuandike mamalia, tuwape watu wa mbuga. Shefu alisogeza kiti nyuma hadi ukutani.

"Iko na magamba," akasema.

"Ndiyo, Shefu. Lakini iko na joto. Na mutoto iko nanyonya, angalia."

Akaangalia. Ninamtendea haki: aliangalia muda mrefu, na uso wake ukalegea kama wa baba. Halafu akatazama tablo, uso ukarudi mahali pake. "Faustin, ukiandika mamalia yenye magamba, tablo inaanguka. Tablo ikianguka, sertifika zote tulitoa hapa miaka hii yote zinaanguka. Unajua ni ngapi?"

Nilikuwa najua, zaidi ya nusu nilizipiga mimi.

Hata hivyo akaniambia njia ipo. Sertifika ya samaki inaweza kubadilishwa kuwa ya mamalia wa porini kwa sahihi saba, mbili za Goma na tano za mbali, na wakati zinatafutwa mnyama anabaki kwa aliyekuja naye. Akatamka hilo neno la mwisho kwa sauti ndogo. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa nane.

Nikatoka na gunia, nikakaa kwenye benchi na kitabu cha kanuni mapajani. Mama Riziki alikuwa ameketi kando yangu, amelifunika gunia kwa kitenge chake cha pili ili mvua isiwapige, huku sambaza wake wakilowa. Nilisoma sehemu ya mamalia mara mbili, na kila mstari ulikuwa mlango wenye kufuli. Basi nikafungua sehemu ya samaki, kwa uchungu tu, nione samaki angepata haki gani. Humo, kifungu ambacho hakijawahi kutumiwa kwa sababu hakuna mwehu anayeleta samaki hai kwa barabara, nikasoma: samaki hai wakikutwa barieri, na hata mmoja kati yao akiwa chini ya shibiri moja, mkia haupimwi, wote wananyang'anywa papo hapo na kurudishwa siku hiyo hiyo walikotoka. Sambaza hawahesabiwi, la sivyo tungerudisha ziwa zima. Haihitajiki sahihi ya mkubwa. Kinatakiwa kiapo cha inspekta mmoja na kashe ya posti.

Nikampima mtoto kwa kiganja changu bila mkia. Alikuwa chini ya shibiri.

Hapo ndipo nilipokwama, na vijana, msinicheke. Nimetoka familia ya Wakatoliki wa upande wa Bukavu, ambako kiapo si mate ya kutema. Lile kosa la asubuhi lilikuwa uzembe. Hili la mchana lingekuwa uongo mtupu, nimesimama, mkono juu ya Biblia ya ofisi. Na tena uongo juu ya kitu kimoja tu nilichokijua vizuri hapa duniani. Nilikuwa nimenyamaza miaka na miaka mbele ya tablo ile kwa ajili ya mkate wangu, nikijipa moyo kwamba angalau sijawahi kusema mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba ni kweli. Sasa kumwokoa kakakuona kulitaka niseme.

"Mama Riziki," nikamwuliza, "wewe ungeapa?"

"Mimi niko nauzisha samaki," akajibu. "Nikisema ile ni samaki batu batanicheka. Wewe uko serikali. Hakuna mutu atacheka."

Nikaingia tena kwa Shefu na gunia langu. Nikaweka kitabu wazi mbele yake, nikamwuliza neno moja: huyu ni samaki au si samaki? Akasoma kifungu. Akaona ninakompeleka. Akisema si samaki, ameibomoa tablo kwa mikono yake. Akisema ni samaki, basi kifungu kinasema wazi kinachofuata. Jasho lilimtoka kwenye masharubu.

"Ni samaki," akasema mwishowe. Halafu, akiangalia dirishani, "Fanya mbio."

Nikaapa. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje kwamba mimi Faustin, inspekta, nimekagua kwa mkono wangu na nathibitisha samaki wawili hai, mmoja chini ya kipimo. Mkono mmoja ulikuwa juu ya Biblia na mwingine ulikuwa unamshikilia yule samaki asianguke mezani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nina uhakika hakikuwa kweli samaki, kwani naye amesikia kina magamba.

Niliyempigia simu ni Paluku, mlinzi wa mbuga, mtu wa maneno machache. Alifika na pikapu saa tisa na nusu. Mwenye koti la ngozi alisimama njiani, nikamwonyesha karatasi: samaki wake wamenyang'anywa kwa sababu wangali wadogo, kama hakubali anaweza kuandika malalamiko kwamba si samaki. Akaisoma mara mbili. Alipokuwa anapiga simu tena, pikapu ilikuwa imekwisha kupita kamba, nami nikiwa nyuma na gunia mapajani, kwa sababu kanuni inataka inspekta aone kwa macho yake samaki akirudi.

Tulikwenda mpaka mahali ambapo Paluku alisema panafaa, sitawaambia wapi. Nikamweka chini kwenye majani. Alikaa amejikunja muda mrefu mpaka nikaogopa amekufa, nikaanza kumwomba Mungu kwa sauti, mzee mzima mbele ya mlinzi mwenye bunduki. Kisha pua nyembamba ikatokea. Akajikunjua taratibu, akanusa mchwa, mtoto akatambaa hadi kwenye shina la mkia wake akalishika. Akatafuta mti, akaanza kupanda, polepole, kucha moja baada ya nyingine, na yule mdogo nyuma yake. Nilifurahi kama sijawahi kufurahi kazini.

Paluku akanishika bega akanikumbusha fomu. Nikaijaza juu ya boneti ya pikapu. Aina: samaki. Idadi: wawili. Hali: wazima. Mstari wa mwisho unauliza jina la maji aliyorudishwa. Nikatazama juu; walikuwa wamefika matawini. Nikaandika: mti mkubwa, upande wa kushoto wa njia. Kesho yake Shefu aliisoma yote, mstari kwa mstari, akapiga kashe.